Mwaka Niliotengwa kwa Ajili ya Manemane

Wasifu wa marehemu ulisomwa na binti yake wa kwanza, kwa sauti nzuri isiyotetemeka, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya nne chini ya turubai, mkoba wangu magotini. Alisoma mwaka wa kubatizwa, akasoma ndoa, akasoma kwaya. Halafu akasoma hivi: “Mama alikuwa mtu wa kwanza katika mkoa wetu wa Mara kutengeneza manukato ya manemane. Alijifunza mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, katika chumba kimoja cha kupanga hapa hapa Makoko.” Watu wakaguna kwa kukubali. Mama mmoja niliyekaa naye, ambaye simjui, akaniinamia na kuninong’oneza, “Rebeka alikuwaga na kichwa, jamani.” Nikamjibu, “Sana.” Hilo ndilo neno pekee nililolitoa kuhusu Rebeka siku ile ya mazishi, na nililitoa kwa shida kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. Bila kufundishwa na mtu! Katika chumba kimoja! Haya. Chumba kilikuwa kimoja kweli, sibishi. Lakini vitanda vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa changu.

Sikuinuka kusema. Nilikuwa na sababu ya kutokuinuka, na nitaieleza itakapofika zamu yake. Nilimwaga udongo wangu kaburini kama wengine, nikampa pole binti yake, nikapanda gari kurudi Bunda ambako nina duka langu la vitenge na wajukuu wawili wanaonisubiri jioni. Njia nzima nilikuwa nanusa vidole vyangu, maana pale msibani walikuwa wamepitisha kichupa cha manukato ya marehemu, kila mtu ajipake kidogo kwa ukumbusho. Nilijipaka. Na ndani ya harufu ile nilikuta kila kitu nilichokiweka mimi: uchungu wa manemane chini kabisa, mchaichai juu yake, na karafuu mbili tatu katikati za kuvishikamanisha. Hakuwa amebadilisha hata tone. Nilikasirika mpaka nikashukia kituo kisicho changu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minne, na shida yangu kubwa maishani ilikuwa dagaa. Nilikuwa nauza dagaa soko la Mwigobero, hapo Musoma, kwenye meza ya shangazi yangu, kuanzia mitumbwi inapoleta mzigo asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Asiyewahi kushika dagaa kila siku hajui ninachosema. Harufu ile haiondoki kwa sabuni. Haiondoki kwa ndimu. Inakaa kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye mkanda wa sidiria. Nilikuwa nanunua manukato ya dukani, yale ya kichupa chenye picha ya waridi, najipaka asubuhi ya Jumapili, na ibada ikifika kwenye matangazo waridi lishaondoka, dagaa amerudi amekaa pale pale. Nilifundisha watoto Shule ya Jumapili, na kulikuwa na mtoto mmoja aliyezoea kuniambia mbele ya wenzake, “Mwalimu, unanuka Mwigobero.” Watoto hawana haya.

Rebeka nilikaa naye chumba kimoja katika nyumba ya Mzee Mafuru, mzee wa kanisa letu. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, vyumba sita kwa mstari, na kuta zake hazikufika kwenye bati; aliyeijenga aliishiwa tofali au aliishiwa subira. Kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza unaambiwa pole kutoka chumba cha sita. Rebeka alisuka nywele saluni mjini. Alikuwa mzuri wa sura na mzuri zaidi wa sauti. Kwenye kwaya yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo, na alikuwa na namna ya kuuanzisha hata mtu aliyelala anajikuta amesimama. Tulikula pamoja kwenye kigoda kilichowekwa katikati ya vitanda, ugali wa muhogo na sato mdogo tukibahatika, mlenda tusipobahatika. Alikuwa ananiachia kichwa cha samaki kwa sababu alijua nakipenda. Nayasema na haya, ili mtu asije akafikiri nilikaa na nyoka mwaka mzima bila kujua. Nilikaa na rafiki, na ndiyo maana iliniuma.

Ugunduzi wenyewe ulitokea hivi. Nilikwenda Butiama kumsalimia bibi yangu, na bibi hakuwa mtu wa kukupokea kwa chai ukae. Alinipa kopo la samli iliyochanganywa na utomvu, akaniambia nikawapake ndama masikioni. Kule kwetu kuna mti mfupi wa miiba unaota kwenye miamba ya mlimani, magome yake yanabanduka kama karatasi. Ukiuchanja unatoa machozi mazito yanayoganda. Sisi tuliuitaga mti wa kupe tu, kwa sababu utomvu wake ukipakwa kwenye sikio la ndama, kupe hawasogei. Niliwapaka ndama wote saba. Jumatatu nikawa mezani kwangu Mwigobero, mikono imo kwenye dagaa mpaka viwiko, na mteja mmoja, mwanamume mzima, akanusa nusa akasema, “Dada, leo unanukia kanisani.” Nikadhani ananitania. Jioni nikanusa vidole. Siku tatu zilikuwa zimepita, na dagaa gunia zima, na harufu ya ule utomvu ilikuwa bado ipo, chungu na tamu kwa pamoja. Dagaa walikuwa wameshindwa! Nilimtolea Rebeka mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili, akafumba macho.

“Nyangeta, umepaka nini?”

“Dawa ya kupe.”

Tulicheka mpaka Mama Neema, mke wa Mzee Mafuru, akatuuliza kupitia juu ya ukuta kama tumepata wachumba.

Bunda palikuwa na mzee mmoja wa Kisomali, Mzee Warsame, aliyeuza udi na ubani katika duka lisilozidi upana wa kitanda. Tukampelekea vipande. Tulimwamkia, akaitikia bila kututazama, akachukua kipande, akakivunja kwa meno, akatafuna, akatema kwenye kiganja, akanusa. Halafu akafungua mkebe na kutoa kipande chake mwenyewe, chekundu kinachoelekea weusi, kimepakaa unga mweupe. “Hii ndiyo manemane ya kwetu,” akasema. “Na hii yenu ni mdogo wake. Si mwenyewe, lakini ni wa tumbo moja. Yangu ina nguvu zaidi. Yenu ina uyoga ndani yake, ina udongo uliopata mvua. Msiitupe.” Ndiye aliyetufundisha kwamba manukato yana wanaokimbia na wanaokaa: limau na mchaichai hukimbia, karafuu husitasita, manemane hukaa, na akikaa huwashika wenzake wasiondoke. Nikaelewa hapo hapo kwa nini lile waridi la dukani lilikuwa linanikimbia kanisani: halikuwa na wa kulishika. Akatuambia tuitwange na kuiloweka kwenye spiriti. “Spiriti kali,” akainua kidole. “Si ile ya kuoshea vidonda.”

Ya kuoshea vidonda ndiyo tuliyoanza nayo, bila shaka, maana ndiyo iliyouzwa duka la dawa. Wiki tatu tulitikisa chupa asubuhi na jioni, tukachuja kwa kitambaa cha petikoti, tukajipaka. Tulinuka sindano. Rebeka alisema mteja wake saluni amemwuliza kama ana mgonjwa. Tukajaribu pombe kali ya dukani, tukaificha ndani ya soksi njia nzima kama wezi, na hiyo nayo ilikuwa na maji mengi mno. Manemane ilivurugika ikawa nyeupe mfano wa maziwa ya mgando, ikakataa kutulia. Ndipo mimi, mwalimu wa Shule ya Jumapili, nikasema neno ambalo katika nyumba ya mzee wa kanisa halikutakiwa kusemwa hata kwa kunong’ona. Nilisema gongo.

Kule Bunda, nyuma ya mashine ya kusaga, kulikuwa na mama aliyepika gongo na kuirudia kuipika mara ya pili kwa wateja maalumu. Ukiimimina kwenye kijiko na kuiwasha inawaka bluu mpaka mwisho na kijiko kinabaki kikavu. Hiyo ndiyo tuliyoitaka. Rebeka akapiga makofi kwa furaha, halafu akaketi. “Lakini mimi siwezi kwenda. Nikionekana je? Mimi niko kwaya.”

“Na mimi niko Shule ya Jumapili!”

“Wewe unanuka dagaa, mwenzangu. Nani atakushuku?”

Nikaenda. Nilinunua dumu la lita tatu, nikalitumbukiza ndani ya ndoo, nikalifunika kwa dagaa niliotoka nao nyumbani, nikapanda basi. Kondakta akainua kifuniko, akanitazama kwa huruma. “Dada, unatoa dagaa Bunda unapeleka Musoma?” Basi zima likaangua kicheko. Nilikuwa sijafikiri. Ziwa lote liko Musoma, dagaa wote wanatokea huko, na mimi nawarudisha kwao! Nikamwambia niliwaleta kuuza wakakataliwa. Kuanzia safari hiyo nilikuwa nafunika kwa mihogo. Nilikwenda mara nne mwaka ule, na mara zote nilikwenda peke yangu, na Rebeka hakuwahi hata kuuliza nyumba yenyewe ni ipi. Alisema asiyejua hatasema uongo akiulizwa.

Kazi ikanyooka. Kwenye ile spiriti kali utomvu uliyeyuka ukawa rangi ya chai ya mkandaa, na kile kilichokataa kuyeyuka kikalala chini kama tope jeupe. Kila kitu tulikiloweka chupa yake: maganda ya ndimu peke yake, mchaichai peke yake, karafuu peke yake. Tulichanganya kwa bomba la sindano tulilolichemsha, tone kwa tone, na hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Rebeka alidondosha, mimi nikanusa. “Bado.” “Bado.” “Hapo umezidisha, mwaga.” Alinuna kila nilipomwambia mwaga. Lakini alikuwa anamwaga, na kila mara aliponusa baadaye alikiri. “Pua yako imetoka wapi wewe?” aliniuliza siku moja. Nikamwambia imetoka Mwigobero. Pua iliyoteseka hujifunza kuchagua. Yeye mwandiko wake ulikuwa mzuri, akaandika vibandiko, na vichupa tulivitoa kwa fundi mikate, vile vidogo vya vanila, tukavichemsha mpaka vikasahau keki.

Krismasi ile nakumbuka kila kitu. Watoto wangu waliigiza Mamajusi, na yule aliyebeba manemane alibeba manemane kweli, kichupa chetu, na katikati ya maigizo akakifungua kama nilivyomfundisha na kuwapaka walioketi mbele. Kanisa likajaa harufu. Mchungaji alisimama akavuta pumzi ndefu, akasema hajawahi kuhubiri mahali panaponukia hivi. Mkewe alikuwa amekwishapewa kichupa chake na Rebeka, na alijipaka kwa wingi, maskini, shingoni na viganjani. Tulikuwa tumekaa benchi moja, Rebeka na mimi, tukafinyana mapaja tusije tukacheka: mke wa mchungaji amekaa mbele ya madhabahu amejipaka gongo ya Bunda! Nilicheka, ndiyo. Lakini pia niliogopa, na nakumbuka nilimwambia Rebeka tukitoka kwamba siku moja itabidi tuseme. Akanishika mkono. “Tutasema pamoja,” akasema. “Sisi wawili.”

Haukupita muda akaja saluni dada mmoja aliyesimamia duka la zawadi katika hoteli ya watalii, huko karibu na geti la mbuga upande wa Bunda. Alinusa shingo ya Rebeka, akataka kujua. Wiki iliyofuata akarudi akitaka vichupa vya kila mwezi, na jina la mtengenezaji liandikwe kwenye kibandiko, maana wageni wanapenda kujua mtu. “Mtu mmoja,” alisema, “nitakayekuwa nampigia.” Simu alikuwa nayo Rebeka. Mimi sikuwa na simu. Tulilizungumza jambo hilo tukila, na nikamwambia kwa namna yangu, ambayo nakubali huwa si ya upole, kwamba namba iwe yake sawa, lakini majina yatakuwa mawili au hakuna kichupa kitakachotoka chumbani. Pua ni yangu, mti ni wa bibi yangu, na anayekaa kwenye basi na dumu ni mimi. Rebeka akasema, “Kwani nani amekataa?” Akanisogezea kichwa cha samaki. Nikala.

Jumamosi ya wiki ile ile, mchana, nilitoka Mwigobero nikamkuta Mzee Mafuru amesimama mlangoni kwetu pamoja na wazee wengine wawili, wamevaa makoti kama wanaokwenda ibadani. Shikamoo zangu waliziitikia. Mzee Mafuru akaniomba radhi, ndivyo alivyokuwa, akasema wamepata habari na ni wajibu wao kutazama. Aliinama kwa shida, akaingiza mkono chini ya kitanda changu, akalitoa dumu. Nataka nieleze kitu. Dumu lile siku zote lilikuwa linakaa chini ya kitanda cha Rebeka, kwa sababu changu kilikuwa na miguu mifupi na dumu halikuingia likiwa limesimama. Siku ile lilitoka chini ya changu, limelazwa ubavu. Nililiona hilo. Nikajiambia Rebeka amesikia wazee wanakuja akaogopa, akalisukuma popote. Akili ya mtu anayempenda mwenzake inafanya kazi haraka kumtafutia udhuru.

“La nani hili, binti yangu?”

Rebeka alikuwa saluni. Nikafikiria kwaya, nikafikiria ile sauti yake. Nikasema, “Ni langu, Mzee.”

“Unakunywa?”

“Sijawahi kuonja. Nalowekea manemane.”

Wakatazamana. Nilidhani nimejitetea, kumbe nimejimaliza. Mzee mmoja akaweka mkono kifuani. “Manemane ya Bwana,” akasema polepole, “kwenye gongo?” Naye Mzee Mafuru, ambaye alikuwa amejipaka kile kichupa tulichompa Krismasi kila Jumapili tangu siku ile, akaanza kujifuta shingo kwa leso.

Nikatengwa. Kwa asiyejua utaratibu wa kanisa letu: aliyetengwa anakaa benchi la mwisho kabisa, hashiriki Meza ya Bwana, hafundishi, haimbi mbele, na hali hiyo inaendelea mpaka asimame mbele ya kanisa zima na kutubu kwa mdomo wake. Hakuna anayekutukana. Wanakusalimia vizuri, wanakuuliza hali ya nyumbani, na hawanunui kwako. Shangazi alinivumilia wiki mbili, halafu akamweka mtu mwingine mezani. Rebeka alilia sana siku ile ya kwanza. Alilia kuliko mimi. Alisema atakwenda kusema naye alikuwemo, nikamkataza, nikamwambia wakimtenga na yeye nani atabaki wa kuchanganya? Acha nibebe mimi, nitatubu yatapita, tutaendelea. Baada ya siku kumi akasema mchungaji amemshauri asikae chumba kimoja na mtu aliyetengwa. Akapata chumba mjini. Alibeba nguo zake na chupa zote za manemane ndani ya beseni, akazifunika kwa kanga. “Nitakutunzia,” akasema.

Nilipata malaria mwezi uliofuata. Nilikuwa nimelala mchana, blanketi mpaka masikioni, mlango umefungwa, na nadhani walidhani sipo. Nikasikia sauti ya Rebeka upande wa pili wa ukuta, kwa Mama Neema, na kwanza nikafurahi, nikajua amekuja kunitazama, atapita kwangu. Nilisikia vikombe. Nilisikia Mama Neema akimsifia gauni. Halafu nikasikia hivi.

“Nimekuja kukushukuru, Mama, kwa kunitunzia lile neno. Nisingekwambia wewe ningemwambia nani?”

“Uliteseka, mwanangu. Kuishi na kitu kama kile!”

“Nilimwonya. Hasikiagi. Mpaka lile dumu nililisogeza mwenyewe kwenye kitanda chake, ili Mzee wangu asihangaike kuinama huku na huku na ule mgongo wake.”

“Una moyo,” akasema Mama Neema, na akammiminia chai nyingine. Nilisikia ikimiminwa. Rebeka akasema inatosha, anawahi, kuna dada wa hotelini anasubiri vichupa. Alipita mbele ya mlango wangu. Viatu vyake nilivijua. Havikusimama.

Nimejaribu kumtetea kwa miaka yote hii, na mara nyingine nakaribia kuweza. Najiambia alitaka kitu kimoja kiwe chake maishani, kama mimi. Najiambia ile namna yangu ya “mwaga, umezidisha” ilimchosha, na kwamba mtu anaweza kumwagishwa mara nyingi mpaka akachukia. Yote yanawezekana. Lakini kila nikifika kwenye mgongo wa Mzee Mafuru nashindwa. Kwamba alimfikiria mzee asiumie kuinama, na mimi hakunifikiria hata kidogo! Hapo hasira inarudi mbichi kabisa, na ninayeiandika ni bibi mzima mwenye dawa za presha.

Nilipopona nikamwendea mchungaji, nikamwambia niko tayari kutubu. Akafurahi, akanipangia Jumapili. Sikumwambia nimepanga nini. Nilikuwa nimekwishayakariri maneno yangu, nayakumbuka mpaka leo: “Nilinunua gongo, nikaificha, nikaitumia kulowekea manemane ya manukato. Hatukuinywa. Na sikuwa peke yangu. Tulikuwa wawili, na mwenzangu yumo humu.” Nisingemtaja jina. Niliapa sitamtaja jina. Nilitaka asimame mwenyewe, kama tulivyoahidiana Krismasi, na tukisimama wawili mbele, basi tungekuwa wawili katika dhambi na wawili katika kazi, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema manukato yale ni ya mmoja. Ndicho nilichokuwa nakitaka, hakikuwa kisasi. Nilitaka kurudishiwa nusu yangu, na mahali pekee pa kuidai palikuwa pale mbele.

Lakini utaratibu wetu una jambo moja tena. Aliyetubu akimaliza, mtu wa kwaya anaanzisha wimbo wa kumpokea. Kanisa zima linasimama, linaimba, linapiga makofi, na watu wanapanga mstari kumpa mkono. Na wimbo ukishaanza mchungaji anainua mikono na kutamka kwamba jambo limezikwa, na atakayelifukua, awe yeye aliyetubu au mwingine, naye atatengwa. Ni utaratibu wa rehema, sitaki kuudharau. Umewaponya wengi. Ndiyo sababu niliyoisema mwanzo: ndiyo iliyonifunga mdomo miaka yote, na ndiyo iliyoniweka kitini siku ya wasifu. Leo ninalifukua, na wakitaka kunitenga, benchi la mwisho nalijua.

Kanisa lilijaa Jumapili ile. Nilisimama mbele nimevaa gauni langu la bluu, na Rebeka alikuwa safu ya kwanza ya kwaya, hatua sita kutoka kwangu. Nikasema jina langu. Nikasema, “Nilinunua gongo, nikaificha, nikaitumia kulowekea manemane ya manukato. Hatukuinywa.” Nikavuta pumzi. Nikamtazama usoni, na aliyaona maneno yaliyokuwa yanakuja. Tulikuwa tumekula kwenye kigoda kimoja mwaka mzima, alinijua ninavyovuta pumzi. Nikasema, “Na siku—”

Rebeka akaanzisha wimbo.

Sijawahi kumsikia akiimba vizuri kama siku ile. Sauti ilitoka juu, safi, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza kanisa zima lilikuwa limesimama, akina mama wanapiga vigelegele, benchi zinasukumwa, makofi. Nilikuwa bado nasema. Mdomo wangu ulikuwa unakwenda, nilisema yote mpaka mwisho, “tulikuwa wawili, na mwenzangu yumo humu,” na mimi mwenyewe sikujisikia. Mchungaji aliinua mikono akatamka yale maneno yake. Mzee Mafuru alikuwa wa kwanza kunipa mkono, anatokwa na machozi ya kweli. Akaja Mama Neema. Wakaja watoto wangu wa Shule ya Jumapili wakanikumbatia miguu. Nililia, na wote walidhani nalia kwa furaha.

Rebeka alikuja na mstari wa kwaya, bado anaimba. Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akanivuta nikasogea, mdomo wake ukafika sikioni. Alinukia vizuri. Alinukia kama nilivyomfundisha kunukia.

“Chupa zimebaki mbili tu,” akaninong’oneza. “Yule mama wa Bunda, nyumba yake ni ipi?”

Watu walikuwa wanaimba. Mstari ulikuwa mrefu nyuma yake, na kila mtu anatutazama anatabasamu.

“Ya tatu baada ya mashine ya kusaga,” nikamwambia. “Mlango wa bati.”

Akanibana mkono, akauachia, akampisha aliyefuata.